Madoa Apata Mimba Akiwa Masomoni

Aliyeharibu mambo ni Nickolaus, na nitalisema hata akiwa amekaa hapa. Mtu mzima, anasomea shahada ya pili ya ng'ombe wa maziwa, ana miwani, ana laptopu, halafu anasimama mbele ya mkutano wa kijiji na kutamka kwa sauti yake yote: "Ndugu wananchi, kuanzia leo ng'ombe hawa wameandikishwa masomoni, chuo kikuu."

Jamani. Ungeona watu walivyotazamana.

Alichotaka kusema ni kwamba ng'ombe hao wameingizwa kwenye utafiti wake. Anataka kujua kama majani makavu ya mpunga, haya tunayoyachoma moto kila tukimaliza kuvuna, yakilowekwa kwa maji ya mbolea ya urea na kufunikwa turubai, yanaweza kumfanya ng'ombe wa kienyeji atoe maziwa zaidi. Basi, ni hilo tu. Lakini chuoni walikuwa wamemwonya asichanganye Kiingereza mbele ya wanakijiji, naye anaogopa wakubwa mno, kwa hiyo akawa anatafsiri neno kwa neno kichwani, na kwa Kiingereza utafiti na masomo ni neno moja, basi kilichotoka mdomoni ndicho hicho.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo, kwa sababu alinichukua nimsaidie kukamua na kupima maziwa. Nikamvuta shati. Hakuelewa, akaendelea tu: "Kila mmoja amepewa namba ya usajili. Watapata chakula maalumu. Na wakiwa masomoni hawaruhusiwi kabisa kukutana na madume."

"Kama wanafunzi wa bweni," alisema Mzee Mabula.

"Naam, mzee! Kama wanafunzi wa bweni," Nickolaus akaitikia, kafurahi kweli kwamba anaeleweka.

Mzee Mabula ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko wote katika kijiji chetu, kilicho kati ya Idete na Mbingu. Ni Msukuma, alihamia bondeni na mifugo yake mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Ng'ombe wake mmoja, mwekundu mwenye mabaka meupe, anaitwa Madoa, na huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvalishwa hereni yenye namba. Mzee alimtazama Madoa siku ile kama mzazi anayemtazama binti yake akipanda basi la kwenda chuoni.

Niseme na langu mapema, msije mkadhani nasimulia habari za ng'ombe tu. Naitwa Eveline. Shule niliiacha kidato cha tatu, na kusema niliiacha ni kujipa heshima tu, maana niliachishwa. Nilipata mimba, mwenye mimba akapanda bodaboda yake akapotelea upande wa Mlimba, mimi nikarudi nyumbani na sanduku la bati kichwani. Sasa Beatus wangu ni mkubwa, anakimbiza kuku na kujibu watu jeuri. Mwaka huu nilitaka kurudi kusoma. Pale Ifakara kuna kituo kinachotufundisha sisi tuliokatiza, mpaka mtu unafanya mtihani wa kidato cha nne kama wenzako. Shangazi Agnella wa Lipangalala alishaniambia kitanda kipo. Mama alishasema Beatus atabaki naye. Kilichobaki ni neno la baba, kwa sababu mama yangu, Justa, bila neno la baba hapokei hata kifaranga cha jirani.

Na baba neno lake lilikuwa lilelile. "Aliyepata mimba hasomi. Kichwa kinakuwa kimeshahama."

Nilimwomba akiwa ameshiba, akasema hivyo. Nilimwomba ametoka kanisani, akasema hivyo. Kituo kilikuwa kinafunga kuandikisha mwisho wa mwezi, na mimi kila asubuhi nakwenda kukamua ng'ombe walioandikishwa bila kuomba. Nilikuwa na hasira mpaka maziwa nayo nilidhani yataganda.

Sasa, msituone sisi wajinga. Hakuna mtu kijijini aliyeamini kwamba ng'ombe anasoma. Ila neno lilikuwa tamu, na watu walikuwa wamechoka kuzungumzia mpunga. Ilianza kama utani. Watoto wakipita kwenda shule wanampigia Madoa saluti. Vijana wa kijiweni wanamuuliza Mzee Mabula, "Mzee, boom limetoka?" wakimaanisha zile hela za mkopo za wanachuo. Mzee naye anajibu, "Bado, wanasema wiki ijayo," na uso haucheki hata kidogo.

Halafu utani ukaanza kuota mizizi. Mzee Mabula akakataza mtu kumchapa Madoa fimbo. "Usimvuruge, ana mitihani." Mke wake, Mbuke, akaja kwa Nickolaus amekunja uso kwa sababu ya hereni. "Mwanafunzi gani anavaa hereni, baba? Hata shuleni kwetu zamani tulikuwa tunanyang'anywa." Nickolaus akaeleza habari za utambuzi wa mifugo mpaka koo likakauka. Mbuke akasema haya, lakini angalau wamvalishe moja tu, siyo mbili. Jumapili ile, katekista alipofika kwenye maombi ya waamini, akasema, "Tuwaombee vijana wetu wote walio vyuoni, wasome kwa bidii, wajiepushe na vishawishi," akasita kidogo, akaongeza, "pamoja na Madoa." Na kanisa zima, haki ya Mungu, likaitikia, "Twakuomba utusikie."

Nilimwambia Nickolaus, "Kaka, rekebisha hili neno kabla halijatuumbua."

"Eveline, ushirikishwaji wa jamii uko juu sana," alinijibu. "Profesa wangu atafurahi."

Siku moja nikaona maziwa ya Madoa yanapungua. Nikamwambia. Akapima mwenyewe, akakuna kichwa, akasema tumpime na yeye mwenyewe. Akavaa ule mfuko wa mkononi unaofika hadi begani, akapaka sabuni, Mzee Mabula akashika kamba za pembe, mimi nikashika mkia. Nickolaus akazamisha mkono huku anatazama juu mawinguni, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya gunia. Tukangoja. Nikaona uso wake unabadilika rangi.

"Ana mimba," alisema.

Mzee Mabula akaachia kamba.

"Na siyo ya jana. Mzee, samahani sana, lakini inabidi aondolewe masomoni."

Najua alisema kwa upole. Lakini mimi niliyasikia maneno yale kwenye mifupa. Ni yaleyale niliyoambiwa mimi, kwa mpangilio uleule, na mwalimu ambaye naye alikuwa mpole na naye aliomba samahani. Nilisimama pale na mkia wa ng'ombe mkononi nikalia, na Nickolaus akadhani nalilia utafiti wake. Akanifariji, maskini. Akasema na yeye anaumia, kwa sababu ng'ombe wake sasa watakuwa wachache kuliko walivyokubaliana na profesa, na huenda akaambiwa aanze upya.

Mzee Mabula hakufarijiwa na mtu. Alimtazama Madoa, akatikisa kichwa, akasema polepole, "Ng'wanawane, umeniaibisha." Yaani mwanangu. Kisha akageuka kwetu na macho makavu. "Ni nani?"

Kumpata mwenyewe haikuwa kazi. Mbuke alishamwona kwa macho yake, mchana kweupe, akiruka ua wa miiba na kuingia bwenini. Alikuwa Bwana Shamba.

Nifafanue haraka. Bwana Shamba ni dume letu. Ni dume la baba yangu, Raimundi. Alimnunua akiwa ndama, mwaka ambao kijiji kizima kilikuwa kinamngoja bwana shamba wa serikali aje atufundishe kilimo bora na hakutokea, ndipo baba akasema basi huyu ndiye bwana shamba wetu, angalau huyu anaonekana. Amekuwa dume la kutisha, mweusi, shingo nene. Ndilo linalovuta plau letu, na watu wanatoka hadi Mbingu kuleta majike yao kwake. Baba akitembea nalo barabarani huwa hasalimii watu, anangoja asalimiwe.

Habari zikamfikia Mtendaji wa Kijiji. Mtendaji wetu, Fulgensi, ni mtu anayependa sheria kuliko chakula. Alisikiliza, akavaa koti, akatamka bila kupepesa: "Kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la jinai. Miaka thelathini jela."

"Lakini ni ng'ombe," alisema Nickolaus.

"Ameandikishwa au hajaandikishwa?"

"Ameandikishwa, ila..."

"Mbele ya mkutano wa hadhara. Mimi nilikuwepo, na nilipiga makofi."

Nickolaus, akitafuta pa kutokea, akasema sheria hiyo inawahusu wanafunzi wa msingi na sekondari, haiwahusu wa chuo kikuu. Fulgensi akamtazama kwa huruma. "Na huyu Madoa alimaliza kidato cha nne lini?" Nickolaus akavua miwani akaanza kuifuta. "Kama hajamaliza sekondari, kisheria bado yuko huko."

Wakaja sungusungu, wale walinzi wa kijiji, wakamchukua Bwana Shamba kutoka nyumbani kwetu, wakamfunga kwenye nguzo ya ofisi ya kijiji kama mahabusu. Baba aliwafuata njia nzima akiwatukana kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipomwishia akaendelea kwa Kipogoro. Dume lenyewe halikuwa na wasiwasi wowote. Lilifika, likatazama ubao wa matangazo, likaanza kuula. Lilikula tangazo la chanjo, likala tangazo la vitambulisho, na Fulgensi akatoa amri kwamba lishitakiwe na kwa hilo.

Mzee Mabula alitaka jambo moja tu. Dume lihasiwe. Hakutaka fidia wala maneno. Lihasiwe hadharani, ili madume mengine yajifunze.

Baba alirudi nyumbani amebadilika. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, mashamba yanangoja kulimwa, na dume lenye kidonda halivuti plau. Hata likipona halitakuwa Bwana Shamba tena, litakuwa ng'ombe wa kukokota tu kama wengine. Hakula. Alikaa kwenye kiti chake anatazama zizi tupu, na mimi, Mungu anisamehe, sikumwonea huruma sana. Nilijua nikimwomba habari za shule wakati ule atanirushia kiti. Na mwisho wa mwezi ulikuwa wiki ileile.

Mkutano uliitishwa Jumatano asubuhi, pale mbele ya ofisi, mahabusu akiwepo. Walikuja watu wengi kuliko wanaokuja wakati wa kampeni. Fulgensi alifungua kwa kusoma shitaka, akamtaja mshitakiwa kwa jina kamili, Bwana Shamba wa Raimundi, akamuuliza kama anakubali au anakana. Dume likakojoa. Fulgensi akasema limenyamaza.

Mzee Mabula akasimama. "Mimi sina mengi. Nilimpeleka mtoto masomoni. Nilimtunza, sikumchapa, nilimpa chakula cha bweni kinachonuka mbolea mpaka machozi yakanitoka. Ameharibiwa. Basi, mtoeni masomoni, nimeshakubali aibu yangu. Lakini aliyemharibu na yeye aondoke na alama."

Watu wakaguna kwa huruma. Hata mimi nilimhurumia, na nilishangaa mwenyewe.

Fulgensi akasema kabla ya hukumu ni lazima chuo kitoe kauli, kwa sababu mwanafunzi ni wa chuo. Nickolaus akatakiwa ampigie profesa wake, simu iwekwe sauti kubwa, watu wote wasikie. Jasho lilimtoka mpaka miwani ikateleza. Simu ikaita, akapokea mama mmoja mwenye sauti nzito.

"Profesa, shikamoo," alisema Nickolaus, na hapohapo Fulgensi akamnyang'anya simu.

"Profesa, hapa anazungumza Mtendaji wa Kijiji. Nasikitika kukutaarifu kwamba mwanafunzi wa chuo chenu aliyeko huku kwetu amepata mimba."

"Mwanafunzi gani?" alisema profesa. "Huko kwenu mimi nina Nickolaus peke yake."

"Nickolaus yupo hapa. Anatetemeka."

"Nickolaus! Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Profesa, si mimi!" Nickolaus akapayuka. "Ni Bwana Shamba!"

"Bwana shamba? Mtu wa serikali kabisa? Yesu na Maria! Mmeshaenda polisi?"

"Tumemfunga kamba kwenye nguzo ya ofisi," alisema Fulgensi. "Anakula matangazo."

Ilichukua muda. Nickolaus alieleza, akarudia, akaeleza tena, na mwishowe tukasikia sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni mtandao unakatika, kumbe profesa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema kwamba kwa utaratibu mwenye mimba hutolewa, lakini yeye anaona Madoa anaweza kuendelea kukamuliwa, wataandika habari zake pembeni peke yake, na Nickolaus hataanza upya. "Ila mwenye ng'ombe aridhie, na kijiji kiridhie. Kama hawataki, mtoeni." Hapo mtandao ukakatika kweli.

Fulgensi akavuta koti. "Mmesikia. Kama masomo hayakukatika, basi hakuna kilichoharibika, na kama hakuna kilichoharibika, dume linarudi nyumbani na viungo vyake vyote. Kama masomo yamekatika, koleo la kuhasia liko ndani. Mzee Mabula?"

"Atoke," alisema Mzee Mabula. "Mtoto aliyepata mimba atasoma nini tena? Kichwa kimeshahama."

Nilimtazama baba. Watu wote walimtazama baba. Nilimwona anasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, na hakuyatambua. Akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Kimehamia wapi?" alifoka. "Hebu nionyesheni! Kile pale kichwa cha Madoa, kiko shingoni, na pembe zake mbili! Mimba inakaa kichwani? Nani humu alishaona mimba ya kichwani? Mimba inakaa tumboni, jamani! Masomo yana njia yake na mimba ina njia yake!"

Watu wakacheka. Akapata moto zaidi. Baba yangu ni mtu wa maneno machache na makali, sikuwahi kumjua kwamba anaweza kuhutubia. Akaenda mbele kabisa, akamshika Mzee Mabula bega.

"Mzee mwenzangu, nisikilize. Aliteleza. Nani hajateleza? Na kosa ni la nani, la kwake yeye, au la sisi wazazi tuliojenga ua mbovu halafu tukaenda kulala? Sasa unataka umfukuze kwa kosa la mchana mmoja, akae nyumbani afanye nini? Azae, alee, azae tena, mpaka azeeke, na akili yake aliyopewa na Mungu ioze bure? Serikali yenyewe imesema! Redio mnazo! Aliyejifungua arudi akasome. Nani humu ana cheo kuliko serikali? Mzazi anayemnyima mtoto masomo kwa sababu ya mimba, mimi nasema mzazi huyo ana roho mbaya, na namsema hata awe nani!"

Makofi yakalipuka. Vigelegele. Mbuke alifuta macho kwa upindo wa kanga. Mzee Mabula akasema, "Raimundi, umenigusa. Sikujua una moyo wa namna hiyo."

Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye kanga yangu, na nilisikia joto linapanda kutoka miguuni. Miaka yote ile nilimngoja baba yangu aniambie hata robo ya maneno yale. Nilimngoja nikiwa na tumbo, nilimngoja nikiwa nanyonyesha. Kumbe alikuwa nayo. Kumbe yalikuwemo ndani muda wote, mazuri hivyo, yamepangika hivyo, na ameyatoa kwa ajili ya ng'ombe. Wivu ulinishika. Ndiyo, wivu, namwonea wivu ng'ombe, anayetaka kucheka acheke. Mama alinibana mkono kwa nguvu. Alikuwa ameshajua nitafanya nini kabla mimi sijajua.

"Anayekubali kwamba mwanafunzi aliyepata mimba aendelee na masomo," alisema Fulgensi, "anyooshe mkono."

Mikono ikapanda kama mpunga. Mzee Mabula akanyoosha. Nickolaus akanyoosha, ingawa si wa kijiji. Baba akanyoosha yote miwili, juu kabisa, kwapa zote nje, anageuka huku na huku ahakikishe hakuna aliyebaki.

Nikasimama. "Mtendaji, nina ombi."

"Sema, mama Beatus."

"Naomba baba yangu asishushe mikono kwanza."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani. Baba naye akatabasamu, mikono juu, hajui kinachomjia.

"Baba," nikasema, "na mimi je?"

Kicheko kikafa kidogo kidogo, kuanzia kwa wanawake.

"Wewe nini?"

"Na mimi nilipata mimba nikiwa masomoni. Kituo kinafunga kuandikisha wiki hii. Nimekuomba mpaka ulimi umechoka, na unaniambia kichwa kimehama."

"Eveline," alisema baba kwa sauti ya chini, "usinifanyie hivi mbele za watu. Wewe ni mtu. Yule ni ng'ombe."

"Ndiyo, baba. Hicho ndicho ninachouliza."

Sauti yangu ilikatika hapo, sitaficha. Nilitaka kusema kwa ujeuri na ikatoka kwa kilio. Bwana Shamba alikuwa anatafuna kipande cha ubao, na ndiyo sauti pekee iliyosikika uwanja mzima.

Mzee Mabula akavua kofia. "Raimundi," alisema, "mjibu mtoto."

Baba alikuwa bado amenyoosha mikono. Nadhani aliisahau. Ilikuwa imeanza kumtetemeka kwa uchovu, na alinitazama mimi, akamtazama mama, akamtazama Beatus aliyekuwa amepakatwa na mama, kidole mdomoni. Kisha akaishusha taratibu, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, na alipoviondoa niliona macho yake yamelowa. Alimgeukia Fulgensi.

"Umeshaandika?"

"Nimeandika. Azimio: Madoa wa Mzee Mabula aendelee na masomo."

"Mwongeze na Eveline."

"Eveline yupi?"

"Eveline Raimundi. Binti yangu. Aende Ifakara."

Fulgensi akainamia karatasi, kalamu juu, akatafuta nafasi. "Hapa panatosha," alisema. "Namweka chini ya ng'ombe."

"Chini ya nini?" Baba alimwendea mpaka akaishika meza. "Fulgensi! Binti yangu umwandike chini ya ng'ombe? Kata! Kata yote! Anza na Eveline!"

Na Fulgensi, mtu anayependa sheria kuliko chakula, akakata mstari wote, akaanza na mimi.